Wifi Yangu na Kiangazi cha Moto

Mwaka ule masika yalikatika kabla mahindi hayajabeba, na kiangazi kilipoanza hakikuonyesha nia ya kuondoka. Nilikuwa nakaa peke yangu Mzenga, kwenye shamba la mikorosho aliloniachia marehemu mume wangu. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani kwenye mtaa wa Picha ya Ndege. Nilipomaliza eda, nyumba ya kule ikanishinda. Asubuhi kila mtu alikuwa na haraka ya kuwahi mjini, jioni wanarudi wamechoka, hakuna anayesimama mlangoni kwa mjane. Nikajiambia shambani kuna watu wenye nafasi. Nikapakia cherehani na vyombo kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikahamia Kisarawe.

Mtu niliyemkuta alikuwa mmoja tu: wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, mjane kama mimi. Nyumba yake ya makuti ilikuwa ng'ambo ya njia, na katikati yetu palikuwa na makaburi ya ukoo, mume wangu akiwa wa mwisho kuzikwa pale. Majirani wengine walishahamia barabarani kufuata umeme. Wifi alikuwa na mbuzi wake, sikio moja halisikii, na maneno hakuwa nayo. Asubuhi alitokea mlangoni, akapaza sauti, "Umeamka?"

"Nimeamka, wifi. Shikamoo."

"Marahaba."

Basi. Kutwa nzima iliyobaki nilizungumza na cherehani.

Moto wa kwanza tuliuona kwa mbali, hatukushtuka. Kila kiangazi kuna anayechoma shamba, kuna anayewasha majani akiwinda, kuna tanuri la mkaa linalopasuka. Lakini mwaka ule moto ukiwashwa haukubali kuzimwa. Wanaume wanauua upande huu, kesho yake unaibukia upande wa pili. Jua likawa linachomoza jekundu na kuzama jekundu. Nilikuwa nashona mashati meupe ya shule, na masizi yalikuwa yakidondoka juu ya kitambaa, mepesi kama manyoya. Nikiyapangusa kwa kidole yanaacha mstari mweusi. Mwisho nikafunga madirisha na kushona gizani, jasho likinitiririka.

Binti yangu, aliyeolewa Dodoma, alipiga simu akiwa amesikia habari.

"Mama, njoo huku. Unakaa na nani huko?"

"Nakaa na wifi."

"Mbona ukinisimulia siku yako humtaji?"

Nikamwambia chaji inaisha.

Vuli nayo ikagoma. Imamu akatuita uwanjani tuswali kuomba mvua. Wanawake tulipanga safu nyuma, bega kwa bega, na bega la mama mmoja nisiyemjua lilikuwa linagusa langu, la moto, limelowa jasho. Nakumbuka nilitamani swala ile isiishe. Ilipokwisha kila mmoja akakung'uta mkeka wake akashika njia yake, na mimi nikarudi kwangu nikinusa moshi.

Siku zilizofuata mwenyekiti wa kitongoji alipita akituambia kila kaya ifyeke na kufagia kuizunguka nyumba, pabaki udongo mtupu, ili moto ukifika ukose chakula. Nikalima kwangu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kisha nikavuka njia na jembe langu, nikamwambia wifi tukafanye na kwake.

"Kwanza pale," akasema, akionyesha makaburini kwa kidevu. "Sisi tuna miguu. Wao hawawezi kukimbia."

Tukafyeka makaburi pamoja, yeye na fyekeo, mimi na jembe, tukakusanya majani makavu na kuyatupa mbali. Ndiyo kazi ya kwanza tuliyowahi kuifanya wawili. Tulipofika kwenye kaburi la mume wangu alisimama, akaegemea mpini.

"Huyu alikuwa anaogopa mbuzi," akasema.

"Nani?"

"Mumeo. Alikuwa akiwaona anapanda juu ya kinu. Analia mpaka nimbebe."

Nilikaa na mume wangu miaka mingi, na sikuwahi kulijua hilo. Nilicheka, halafu nikainama nikashika jembe, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka ayaone. Kwa wifi hatukuwahi kufika. Jua lilizama, tukasema kesho.

Kesho hiyo, baada ya adhuhuri, kipaza sauti cha msikitini kikalia wakati usio wa adhana. Sauti iliomba wanaume waende kitongoji cha jirani, moto umeingia mashambani. Niliwaona wakipita na mapanga na matawi mabichi, wengine kwa bodaboda. Njia ikabaki tupu. Haukupita muda mrefu upepo ukageuka.

Niliusikia kabla sijauona. Ulikuwa unapasuka kama watu wengi wanaokanyaga makuti makavu, halafu ukaanza kuvuma. Nikatoka nje, nikaona mikorosho ya mpakani imefunikwa na moshi mweusi, na chini ya moshi rangi ya chungwa inakimbia kwenye nyasi. Nikamwita wifi. Hakusikia. Nikachovya khanga mbili kwenye ndoo, nikavuka njia mbio. Nilimkuta zizini anahangaika na kamba, amenipa lile sikio bovu.

"Wifi, moto!"

"Nauona! Shika huyu!"

Tukafungua zizi, tukawapiga mbuzi makofi ya mgongo, wakatawanyika kuelekea bondeni. Nyuma yetu cheche zilishatua juu ya makuti ya nyumba yake. Akataka kurudi ndani. Nikamkamata mkono.

"Vitu vyangu!"

"Vitu vitapatikana, wifi. Twende."

Tungekwenda wapi? Njia ilikuwa imejaa moshi, na kwangu sikupaona tena. Pahali palipokuwa na udongo mtupu karibu ni pale tulipofyeka jana yake. Tukakimbilia makaburini, tukalala kifudifudi katikati, tukajifunika zile khanga za maji. Moto ukatupita kulia na kushoto. Joto lilikuwa linapenya kwenye khanga mpaka zikaanza kutoa mvuke. Wifi alinishika kiganja akakiminya, na alikuwa anasoma kila aya aliyoijua, na akimaliza anaanza upya. Nami nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye udongo wa mume wangu. Sikuomba chochote. Nilisikiliza tu sauti ya yule mwanamke.

Tulipoinua vichwa, kila kitu kilikuwa cheusi. Nyumba yangu ya bati ilikuwa imesimama. Ya wifi zilibaki kuta za udongo. Mikorosho, iliyokuwa imejaa korosho, iliungua karibu yote. Mbuzi walirudi jioni, wamepungua, mmoja akiwa na manyoya yaliyoungua ubavuni.

Wifi akahamia kwangu. Nitasema jambo ambalo nilikuwa naona haya kulisema: zile zilikuwa siku zangu nzuri kuliko zote tangu nifiwe. Nje palinuka majivu, ndani tulikuwa wawili. Alilala kitanda cha pili, akanisimulia utoto wa mdogo wake, mume wangu, mama yao, ngoma alizochezwa alipokuwa mwali. Kumbe maneno alikuwa nayo, tena mengi. Yalikuwa yanataka tu mtu wa karibu na lile sikio zima.

Kisha mwanawe akaja na gari kutoka Mlandizi.

"Shikamoo, mama," akanisalimia.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kumchukua bi mkubwa. Watu wananisema, mama yangu kaunguliwa nyumba na mimi nipo."

Ningemwambia nini? Ana haki na mama yake. Wifi alipanda gari bila kugeuka. Mbuzi waliobaki alikwishawagawa kwa ndugu, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba nilisikia bati likilia kwa joto.

Mvua zilipokuja nilikwenda kumsalimia. Nyumba ya mwanawe imejaa wajukuu, televisheni inasema kutwa. Alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu haigusi chini vizuri. Aliponiona akanivuta nikae upande wa sikio zima.

"Huku hakuna mtu wa kuzungumza naye," akaninong'oneza. "Nirudishe."

Nikamwomba mwanawe. Akacheka kwa heshima, akasema kule hakuna hospitali, na mama ameshazeeka. Jioni wifi alinisindikiza mpaka getini. Akanifunga vizuri ushungi wangu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwa safari.

Bado nipo Mzenga. Michache kati ya mikorosho ilichipua kutoka chini, mingine niliwalipa vibarua wakaing'oa, na katikati nimepanda mihogo. Binti yangu bado ananiita Dodoma. Ijumaa nampigia wifi, namwambia mjukuu wake aweke simu upande unaosikia, nami namweleza kila kitu: mche gani umeota, nani kapita njiani, upepo unatoka wapi. Yeye huniuliza, "Na kingine?" Natafuta kingine.