Hodi Chumbani kwa Babu Walter

Cheka ukitaka, lakini haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, saa kumi na moja jioni, taa zinawaka na chai iko mezani, kwenye makao ya wazee kule Weston, ughaibuni, nilikokuwa nikifanya kazi.

Nilimhudumia mzee wa karibu miaka mia, Walter, mimi nikimwita Babu. Ujanani, wakati wa vita, alishika usukani wa meli ya mizigo. Walivuka Atlantiki kwa msafara, meli nyingi pamoja, na nyambizi za Wajerumani zikiwawinda chini ya maji. Amri ilikuwa moja: mwenzako akipigwa usisimame, maana ukisimama na wewe umekwisha. Siku moja meli ya mbele ikalipuliwa, na Babu akapita katikati ya watu waliokuwa wakielea. Mmoja wao, Mwafrika mchochea makaa, aligonga ubavu wa meli yao kwa ngumi mpaka ikampita.

"Akija kugonga hapa," Babu alikuwa akiniambia kila siku, "usimjibu." Nami namwitikia tu, sawa Babu. Wazee wana mengi.

Jioni hiyo pumzi zilikuwa zinamwishia. Binti yake, Jean, alikwama na gari kwenye theluji akitokea Markham. Alinipigia simu analia: "Tafadhali, nimkute hai." Nikamwahidi, jambo ambalo si langu kuahidi. Nikamshika Babu mkono, nikambembeleza, ngoja kidogo, anakuja.

Mlango ukagongwa. Kisha sauti ya kiume: "Hodi."

Hebu niambie, wewe uliyelelewa kwetu, ungefanyaje? Jengo zima Mswahili ni mimi peke yangu, na hata hilo sikulikumbuka. Mdomo uliiwahi akili. "Karibu!"

Akaingia. Miguu peku, fulana, mafuta meusi mpaka kwenye kope, maji yanamchuruzika. Babu akaanza kulia: "Niliamriwa nisisimame! Mwambie, niliamriwa!"

Nikamwambia yule mtu: "Kaka, nakusihi, mwache kwanza amwone binti yake. Yuko njiani."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Hata mimi nilikuwa na binti," akasema.

Babu alikuwa akiniangalia mdomo, akingoja nimtafsirie. Ningewezaje? Alikata roho bado ananitazama, na nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Jean alifika dakika kumi baadaye. Shuka za baba yake zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Nilionja, niamini. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Jean akaniuliza kama baba yake alisema lolote, nikamjibu alilala salama. Akanikumbatia.

Kazi ile niliiacha. Siku hizi mtu akipiga hodi kwangu sijibu mpaka nichungulie, na mawifi zangu wanasema nina maringo. Waseme. Na wewe, mwone kwanza anayepiga hodi ndipo umkaribishe. Mimi nilimkaribisha yule kwa mdomo wangu mwenyewe, na kila Krismasi Jean bado ananitumia kadi ya kunishukuru.