Mwanga wa Njia Mbili na Siku Nane za Kunduchi

Niliondoka Temeke Jumamosi kwenda kumwomba baba radhi za safari. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimenipa nafasi ya kusomea namna ya kupima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Jibu lilitakiwa Jumatano. Kwetu mtoto haondoki bila radhi, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku, na mimi nilimwogopa baba kuliko mtihani wowote. Ndiyo maana barua ilikuwa imelala mkobani siku nane.

Saa moja asubuhi jirani yangu Sudi, dereva wa lori la saruji, alikuwa anarudi kiwandani Wazo kupakia. Alinifutia kiti cha mbele kwa kofia yake, vumbi lote likahamia kwenye gauni langu. Kando ya barabara watu walikuwa wakitandaza mitumba. Miaka ile kila mtu alikuwa amegundua kwamba ni mfanyabiashara. Sudi aliuliza kama kasi ya ulimwengu ikijulikana bei ya saruji itashuka. Nikamwambia haitashuka.

"Basi ticha, hiyo usimwambie mzee," alisema.

Saa tatu tulisimama Mbezi Beach kwa shangazi Mwajuma, dada yake baba. Hadi asubuhi ile yeye peke yake ndiye niliyekuwa nimemweleza habari hii, jioni ileile barua ilipofika, naye akaapa kufunga mdomo. Alitupatia chai na chapati za moto, lakini hakunitazama usoni. Nilidhani ana haraka na wateja wake wa chapati.

Saa tano Sudi alinishusha Wazo, nikateremka kwa miguu hadi Kunduchi. Kwenye mnada wa samaki nikanunua changu wawili, maana mkono mtupu haulambwi.

Nilimkuta baba barazani. Alikuwa mpiga baruti wa machimbo ya mawe hadi alipostaafu, na kazi ile ilimwachia masikio mazito. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuwasifu samaki. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani yakayeyuka.

Ghafla vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Baba akainua kidole na kuanza kuhesabu. Mlio wa baruti ukatufikia kutoka mlimani.

"Kumi," alisema. "Zamani ilikuwa nane. Wamesogea mbali."

Ulikuwa mchezo wetu tangu nikiwa mdogo. Mlipuko ni mmoja, lakini mtetemo hupita ardhini haraka, na sauti hupita hewani polepole. Ukihesabu kati ya vikombe na mlio, unajua shimo liko umbali gani. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia.

Nilimweleza kwamba huko mbali sana kuna galaksi ambazo viini vyake huwaka na kufifia. Mara nyingine galaksi nyingine nzito hukaa katikati, na uzito wake huupinda mwanga, ukatufikia kwa njia mbili. Sisi huona nyota mbili kumbe kitu ni kimoja. Kikimeta, taswira moja humeta leo, ya pili humeta baadaye, pengine mwaka mzima na zaidi. Ukijua njia zilivyopinda, kule kuchelewa hukupa umbali. Kasi ambayo kitu hicho hutukimbia hujulikana kwa wekundu wa mwanga wake. Linganisha viwili hivyo, utajua ulimwengu unatanuka upesi kiasi gani. Wataalamu walikuwa bado wanabishana kuhusu hesabu hiyo, na mimi nilitaka kwenda kubishana nao.

Baba alisikiliza mkono ukiwa sikioni.

"Kwa hiyo vyote vinaachana?"

"Vilivyo mbali, baba. Vilivyo karibu hushikana kwa uzito wake."

Akatikisa kichwa, kisha akasema taratibu, "Shangazi yako alikuja hapa usiku wa Ijumaa ya wiki iliyopita. Habari ni moja. Kwa njia yake ilifika siku ile. Kwa njia yako imefika leo. Siku nane. Nimehesabu, mwanangu. Sikujua kama tuko mbali hivyo."

Nililia. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwogopa.

"Najua. Na mie nilikaa kimya siku zote hizo nione utakuja lini. Kwa hiyo nusu ya umbali huo ni wangu."

Akaniwekea mkono kichwani, akanisomea Fatiha. Radhi nilizipata, kwa sharti moja: huko niendako, habari zangu zimfikie kutoka kwangu kwanza. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda mchana ule, tukila changu kwa mikono.

Alasiri Sudi alinipitia. Mbezi shangazi alikuja mbio hadi dirishani kuuliza kaka yake kasemaje. Nikamwambia akamwulize mwenyewe, njia ya Kunduchi anaijua vizuri. Akajifunika uso kwa khanga, akacheka, nami nikacheka.

Temeke nilifika magharibi. Kabla sijanawa miguu nilimwandikia baba barua: nimefika salama, Jumatatu natuma jibu la kukubali kwa telegramu, na bado naogopa, safari hii si kwa sababu yako. Kesho yake nikaitia kwenye sanduku la posta.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kumuaga. Nilimkuta barazani, bahasha yangu iko juu ya sinia, kando ya vikombe.

"Siku nne," alisema kabla sijakaa. "Tumesogeleana."