Masanja Alipojifukuza Kazi kwa Kiingereza

Siku yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa chama cha ushirika cha pamba pale Bariadi aliniketisha mbele ya taipureta, akanipa barua ya kunakili. Mwisho wake iliandikwa Yours faithfully. Nikauliza maana yake.

"Wako mwaminifu. Anaandikiwa mtu usiyemjua jina. Ukimjua, unaandika Yours sincerely."

"Sasa nimwambie mtu nisiyemjua kwamba mimi ni mwaminifu kwake?"

Alivua miwani akacheka mpaka mhasibu akachungulia mlangoni. "Binti, Kiingereza usikiulize kwa nini. Kiulize namna gani."

Chini yake nilijifunza kukata stensili, karatasi ya nta inayotobolewa na herufi ili wino upite wakati wa kudurufu. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, ndipo unapiga tena. Nilimpenda mzee yule kama baba.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani zao, ushirika ukapunguza watu. Karani mkuu alirudi kwao kulima. Mimi nikapata nafasi ya majaribio katika kampuni mpya ya pamba. Afisa utumishi wake, mtu wa Dar es Salaam, aliagiza usaili wote uwe wa Kiingereza. Mimi nilikaa pembeni nikiandika majibu kwa hati mkato, zile alama za kuandikia upesi kadiri mtu anavyosema. Kusema haikuwa kazi yangu.

Asubuhi moja akaingia Masanja wa Dutwa, aliyekuwa mtunza magunia wetu kule ushirika. Tangu apunguzwe, watoto wake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kutoka shule. Alikuwa amejifunza majibu kwa kitabu cha binti yake. Alipopita karibu yangu alininong'oneza salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, kisha akanyoosha mgongo.

Afisa akamuuliza alifanya kazi gani.

"I weighed, I packed, I sacked."

"You were sacked?"

"Yes, sir!" Masanja akaitika kwa furaha, akidhani ameeleweka. "Every season. Very much sacked."

Alitaka kusema alipima, alifunga, alitia maguniani; sack ni gunia. Lakini kum-sack mtu ni kumfukuza kazi. Masanja aliona pack inazaa packed, naye akaizalisha sack vivyo hivyo. Afisa alifunga faili, akamshukuru. Masanja naye akashukuru, akainuka.

Penseli yangu ilisimama. Nilifikiria kibarua changu, nikawafikiria na watoto wale.

"Samahani, bosi. Anasema magunia."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna, bosi. Lakini huyu hakufukuzwa. Alitunza magunia ya pamba. Naomba umuulize kwa Kiswahili."

Alinitazama kama vile meza ndiyo imesema. Kisha akalifungua tena faili, akamgeukia Masanja. "Mzee, gunia likichanika mnadani na mvua inakuja, unafanyaje?"

Masanja akaketi tena. Alieleza namna ya kulishona bila kulimwaga, namna ya kuipanga pamba isilowe, mikono yake ikishona hewani, mpaka afisa akaweka kalamu chini.

"Njoo Jumatatu," akamwambia. Kisha kwangu: "Na wewe, siku nyingine uombe ruhusa kwanza. Sogeza kiti hapa, wako wengi nje."

Mchana Masanja alinisubiri kibarazani. "Mayu, nilikosea wapi?" Nikamweleza. Alishika ukuta kwa kicheko. "Kumbe nilijifukuza mwenyewe!" Akaniomba nisimwambie mtu, kisha yeye mwenyewe akaisimulia Dutwa nzima.

Tangu siku ile nilikuwa mkalimani wa usaili. Nilihamishiwa Lagangabilili chini ya meneja wa tawi mpole, kisha Lamadi kwa meneja mkali aliyependa maneno marefu. Huko ndiko nilikostaafia.

Sasa vijana huniletea barua za kuomba kazi kwenye simu. Wengi wameshajaza hardworking na team player, yaani mchapakazi na mtu wa kushirikiana, na ukizisoma zote unaona ni mtu mmoja. Huwa nawaambia waweke simu pembeni, wanisimulie kwa lugha ya nyumbani walichowahi kufanya.

Juzi binti mmoja aliweka simu pembeni, akanieleza kwa Kisukuma alivyoiendesha mashine ya kusaga ya mama yake mwaka mzima mama akiwa mgonjwa. Neno moja la Kiingereza la kulibeba jambo hilo hatukulipata. Tukaandika sentensi tatu fupi za Kiingereza. Akazisoma polepole, akarudia.

"Bibi," akasema, "huyu ni mimi kweli."