Mkwe Wangu Alinikuta Nimelala Sakafuni, Sasa Binti Ananiita Tena

Shikamooni wakubwa, na watoto marahaba. Admin, nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Huku kwetu baba watoto hajambo ila goti. Mama mkwe hajambo, macho hayaoni vizuri lakini ulimi mzima. Wifi yangu mkubwa hajambo, nitamtaja huko mbele. Wajukuu wawili wa mwanangu wa kiume hawajambo, hata kuku hawajambo. Asiye na amani ni mimi ninayeandika. Jina langu nifichie, maana humu mna majirani.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi huku pwani karibu na Dabaso, kazi yangu kushona makuti ya kuezekea. Shule niliishia darasa la nne, mkiona herufi zimepotea njia mnisamehe.

Nina binti mmoja tu, nimwite Kadzo, si jina lake. Alikuwa akifanya kazi hoteli moja ya Bofa, akaolewa na Mwitaliano. Kijana mpole, alikuja kwetu kwa adabu, wazee wakaridhika. Wakaenda kuishi kwao, kijijini, milimani. Mwaka jana wakaniletea tikiti nikawatembelee.

Sasa sikizeni. Kwetu Wagiriama, nilivyolelewa mimi, mama na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa umbali. Hampeani mikono, hamli pamoja, na kitanda anacholalia mkweo na binti yako hukikalii hata uwe umechoka vipi. Kadzo ayajua haya yote.

Nafika uwanja wa ndege, mkwe huyo, mikono wazi, anakuja kunibusu mashavuni! Nikachutama pale pale, leso yangu ya kujitanda nimeifunika uso mzima. Watu wakadhani nimezimia. Mama mmoja wa Kizungu akaja mbio na kiti, mwengine ananipepea na gazeti.

Kadzo akaninong'oneza, "Mama, inuka, tunatazamwa."

"Mwambie arudi nyuma kwanza, nitainuka."

Walinitembeza, haki ya Mungu. Vilima vya mizabibu mistari mistari kama kichwa kilichosukwa, kondoo wana kengele shingoni, nyumba zimeezekwa kwa mawe, nikawaza huku mimi na makuti yangu ningekufa njaa. Siku moja tukasimama kilimani tule. Mkwe akatandika kitambaa, akapanga mkate na jibini na tini. Nikachukua fungu langu nikaenda kukaa nyuma ya gari, nimewapa mgongo. Mkwe akauliza kitu, Kadzo akamjibu kwa lugha yao.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia wapenda kivuli."

Na baridi ile ilikuwa ya kugonganisha meno.

Nyumba yao ina chumba kimoja cha kulala. Wakanipa hicho, kitanda chao wenyewe, wao wakahamia kwenye sofa sebuleni. Ningesema nini? Nikawa natandika leso yangu sakafuni, na kukipambazuka nakivuruga kitanda kidogo kionekane kimelaliwa. Asubuhi ya tano mkwe akabisha kuchukua soksi zake, sikusikia, akafungua akanikuta chini. Alipiga ukelele, akidhani nimeanguka. Kadzo, badala ya kumweleza mila, akamwambia mgongo wangu mbovu, daktari amenikataza godoro laini.

Jamani, yule kijana alishinda uani kutwa na msumeno. Akakata mbao, akazipiga randa, akazipanga chini ya lile godoro ili liwe gumu. Jioni akaja kunionyesha, anazigonga mbao kwa ngumi, anacheka, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nami siwezi kulala pale. Kitanda bado ni chao. Nililia mbele yake, akafikiri ni furaha.

Nikamwambia Kadzo, "Mwambie ukweli, mwanangu. Hii ni heshima, si dharau."

Akanijibu, "Mama, huku heshima yako inaitwa matusi."

Mkwe hajui Kiswahili ila jambo na pole pole, kwa hivyo maneno yangu yote hupitia kinywani mwa Kadzo, na Kadzo kafunga mlango. Nililala chini hadi mwisho. Siku ya kuondoka mkwe aliingia kubeba begi langu, akaiona leso pale sakafuni. Akaitazama, akazitazama mbao zake, akatoka. Uwanja wa ndege hakufungua mikono tena, alisimama mbali. Ndiyo adabu niliyoitaka, nayo iliniuma kuliko lile busu.

Sasa Kadzo ana mimba ya miezi minane, uzazi wa kwanza. Mama yake mkwe alishafariki, huko hana mtu. Amenipigia akilia: "Mama, njoo unipokelee mtoto. Lakini ukija, ulale kitandani na ule nasi mezani. Kama huwezi, usije. Sitaki mume wangu aumizwe tena ndani ya nyumba yake." Nikamwambia basi nitalala kwenye sofa. Akasema mumewe hawezi kumlaza mama mtu mzima sebuleni, ataona ni yale yale.

Wifi yangu ameapa: "Kitanda cha mkwe! Ukikilalia, mtoto huyo hatatulia. Na ukirudi usipite uwanjani kwangu." Baba watoto nikimuuliza ajikuna goti, "Wewe ndiye uliyemzaa." Nisipokwenda, mwanangu atazaa peke yake. Nikienda na mtoto akapatwa na lolote, hata homa tu, nitajua ni mimi.

Tikiti imeshakuja, safari ni wiki ijayo, na Kadzo ataka jibu kabla ya Jumapili. Leso nimeitia begini, nikaitoa, nikaitia tena. Nishaurini wanangu, nifanye nini? Nijibuni upesi, mtoto hangoji.