Hakuna Kunywa Baada ya Saa Kumi

Simpendi matroni wetu, na naomba nisiambiwe nimsamehe. Nimesamehe wengi maishani: madalali wenzangu wa soko la Kibaigwa walioninyang'anya wateja, mume aliyenikimbia, hata wapangaji wenzangu wa Chang'ombe waliokuwa wakiniibia mkaa. Huyu, ng'o.

Nililetwa kwenye nyumba hii ya wazee baada ya kuvunjika nyonga. Mtoto sina, na ndugu nilionao ni wa kuonana msibani tu. Nilichokuja nacho ni mkongojo na mdomo. Mdomo huu umeuza mahindi malori kwa malori, kwa hiyo sikuwahi kufikiri kuna mahali utashindwa kazi.

Sheria ya hapa ni hii: ukishakunywa chai ya saa kumi jioni, hunywi kitu tena mpaka asubuhi. Si maji, si uji. Sababu ni magodoro. Wazee wakinywa watakojoa, wakikojoa kitandani mashuka yatafuliwa, na maji ya bomba yanakuja kwa mgawo, na wahudumu wa jioni ni wawili kwa bweni zima. Badala ya kutafuta mhudumu wa tatu, au kutushika mkono tukaenda chooni, matroni akaona dawa ni kutukausha. Anatuanika kama mlenda! Na hii ndiyo Dodoma, upepo ukivuma unatafuna vumbi hata ukifunga mdomo.

Jirani yangu wa kitanda ni bibi wa Bahi, Mgogo hasa, aliyelima mpunga na kuchunga ng'ombe mpaka mgongo ukapinda. Amenizidi umri, namwita dada. Ni mpole mpaka anakera. Mimi naweza kujikongoja hadi kwenye simtanki la uani nikajinywea maji yangu, wanune wasinune. Yeye hainuki bila kushikwa.

Usiku mmoja akaanza kuwaita ng'ombe wake mmoja mmoja kwa Kigogo, ng'ombe waliokufa zamani, akinigombeza kwa nini sijafungua zizi. Wahudumu wakasema ndiyo uzee huo, akili inakwenda. Nilipiga kelele bweni zima likaamka, mpaka akapelekwa hospitali. Huko akatundikiwa dripu, na alipozinduka akauliza nani amelalia kitanda chake. Akili iliyokwenda ilirudishwa na maji! Mhudumu aliyempeleka ndiye aliyeninong'oneza maneno ya daktari: bibi huyu si kichaa, ana kiu. Figo zake zimechoka, mkimkausha tena hamtampata.

Nikamfuata matroni ofisini.

"Matroni, umesikia alichosema daktari?"

"Nimesikia, bibi. Tutamwongezea chai ya asubuhi."

"Asubuhi hana shida. Kiu inamshika jioni."

"Kwa hiyo utafua wewe?" akaniuliza, macho makavu, na chupa yake ya maji baridi iko pale mezani inatoa jasho.

Loo! Roho ya korosho ile! Nilitamani kumrushia mkongojo. Nikaanza kumfichia dada maji kwenye chupa ya juisi chini ya mto. Wakati wa kutandika vitanda wakaiona, wakaichukua, na matroni akatangaza mbele ya watu wote kwamba kuna wenye kiherehere humu watakuja kuua wenzao. Kuua! Mimi!

Ndipo tukasikia wakaguzi wanakuja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nikasema hapa tutapona. Nikamweka dada kitako. "Mimi nitaanza, wewe utamalizia. Sema kweli tu, hiyo kiu yako na ile dripu. Wakiamuru tupewe maji, matroni hana pa kubishia." Akaitikia kwa kichwa.

Siku yenyewe tuliogeshwa asubuhi, tukavalishwa vitenge vinavyolala kabatini mwaka mzima, na kando ya kila kitanda kikawekwa kikombe cha maji na kifuniko chake. Dada akanyoosha mkono. Mhudumu akamzuia.

"Bibi, usiguse. Hivyo ni vya kuonyesha wageni."

Umewahi kusikia ushetani kama huo? Na wageni wenyewe gari likawaharibikia njiani, wakafika jua linazama. Hata chai hatukupewa, eti tusije tukachafua vitenge. Nilipoona hawatokei nilikinywa kikombe changu nusu, waje wanichape. Dada hakugusa chake. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na nilimsikia ameanza kuchanganya maneno.

Mkaguzi alikuwa binti tu, umri wa mjukuu, viatu vimejaa vumbi na jasho linamtiririka kwa kusukuma gari. Alitusalimia vizuri, shikamoo kitanda kwa kitanda. Sikungoja afike kwangu.

"Tunanyimwa maji hapa! Saa kumi ikipita hatupewi tone! Muulize huyu dada yangu, alilazwa hospitali kwa kiu!"

Matroni akacheka, kicheko cha asali. "Huyu bibi yetu mchangamfu sana. Alikuwa dalali sokoni."

Yule binti hakucheka, Mungu ambariki. Alikwenda kwa dada, akapiga magoti, akamshika mkono. "Bibi, ni kweli mnanyimwa maji?"

Sema, dada. Sema!

Dada alimtazama usoni, akamtazama viatu. "Umetoka mbali, mwanangu?"

"Mjini, bibi. Gari lilituharibikia."

"Na jua hili! Pole. Karibu."

Akageuka kwa shida, akachukua kile kikombe kwa mikono miwili, akampa.

"Bibi, hayo ni yako."

"Mgeni hakatai maji."

"Usinywe!" nikapiga ukelele. "Mrudishie, hajanywa tangu asubuhi!" Lakini matroni alikwishasimama katikati yetu, ananipapasa bega, ananiambia nisijichoshe. Na binti wa watu, kwa adabu aliyofundishwa kwao, alikunywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, bibi. Kwa hiyo maji mnapata?"

"Tunapata, mwanangu. Tunashukuru."

Angejibu nini? Amemkaribisha mgeni maji, halafu amwambie nyumba haina maji? Kwao Bahi ni afadhali ufe. Mkaguzi akampongeza matroni mlangoni, gari likaondoka, na wahudumu wakapita na ndoo kumiminia humo maji ya vikombe vyote.

Changu nilikuwa nimekificha ndani ya kitenge. Nilimnywesha dada ile nusu iliyobaki, kidogo kidogo, huku nalia kwa hasira.

"Dada, umetumaliza. Yule hatarudi. Umetumaliza, na wewe ndiye wa kwanza."

Alilamba midomo yake, akanishika mkono kunituliza.

"Umemwona lakini alivyomaliza kikombe, mdogo wangu? Masikini yule mtoto, alikuwa na kiu."