Breki ngumu, kiti cha plastiki

Shemeji yangu leo kamsalimia mama mkwe wake akiwa chali sakafuni.

Ni mume wa dada. Katuletea Mbinga usukani na pedali za gemu ya mbio za magari, na majigambo juu: "Hii breki ni ngumu kama ya gari la mashindano. Nyie hamna miguu ya kuikanyaga!"

Haya, bingwa.

Kila akikanyaga, breki haisogei. Kinachosogea ni kiti cha plastiki alichokalia!

Akili yake ikamtuma akiegemeze kwenye gunia la kahawa la mama. Akakanyaga kwa nguvu zote. Gunia likaanguka, kahawa ikamwagika, naye chali juu yake.

Mama akatokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

Mama akamwekea ungo kifuani.

Mpaka sasa bingwa anaokota kahawa. Gari lake la kwenye gemu? Lilishagonga ukuta.

Mwenye kiti kizito amwazime jamani. Mimi ninacho, simpi.