Bonde Linalowaka kwa Chini

Kwa habari ya matope hanifundishi mtu. Nimeyakanyaga yote ya Pemba. Juzi nikaumbuka kibarazani kwa sheha, huko Gando.

Alikuja bi mmoja na karai la udongo mweusi, kalishika kwa matambara. Akalitua mezani. Likafuka moshi.

"Sheha, bonde langu la mpunga linaungua."

"Mabua?"

"Mabua yashakwisha. Udongo huu! Tangu juzi naufukia moto, kila nikiufukia unazidi."

Nikacheka, nikatia kidole karaini nimuoneshe sheha kuwa ni uzushi. Ukelele niliopiga, hata Kojani, upande wa pili wa kisiwa, waliusikia.

Bwana shamba alikuwapo. Akashika kichwa. "Bi, unaufukia kwa udongo gani?"

"Huu huu. Kwani kwenu moto hufukiwa kwa halua?"

Akamweleza polepole. Udongo ule mweusi ni majani ya kale, hayakuoza kwa kuwa yalilala majini. Wakulima walipochimba mtaro kulikausha bonde, wakayageuza kuni. Na moshi wake ndio huo unaozidisha joto la dunia, hata mvua zikapotea njia.

Bi akakaa chini, kiganja mdomoni. "Yarabi! Kumbe nachochea?"

"Zibeni mtaro, maji yarudi."

"Na mpunga wangu wa mwaka huu nitaulima wapi, bonde likijaa?"



Mimi nina jawabu la kila kitu, hilo mnalijua. Lakini tangu enzi za mababu moto tunauzima kwa udongo. Sasa ardhi yenyewe imeshika moto, niambieni nyinyi, tuufukie kwa kitu gani?